Gobori na kipimo chake: kasi na usahihi wa bunduki za kushindiliwa katika historia

0. Utangulizi

Katika mazungumzo ya Waswahili wa leo, mtu asiyefaa kitu huitwa gumegume. Neno hilo hapo awali lilihusu bunduki: ile iliyowashwa kwa jiwe la gumegume lililogonga chuma na kutoa cheche. Kwamba jina la silaha iliyotisha nchi nzima limekuwa jina la mtu dhaifu ni jambo la kufikirisha. Linaonyesha jinsi vizazi vilivyofuata vilivyoihukumu bunduki ya mababu.

Hukumu hiyo imeingia pia katika maandiko ya historia. Mara nyingi husomwa kwamba Wangwana wa Maniema, Wayeke wa Katanga na wakuu wengi wa Afrika ya kati walishindwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu walishika magobori, na maelezo huishia hapo. Gobori huchukuliwa kuwa silaha moja isiyobadilika, yenye nguvu haba na shabaha mbovu.

Makala haya yanaipima hukumu hiyo kwa tarakimu. Maswali ni mawili. Kwanza, risasi ya bunduki ya kushindiliwa iliruka kwa kasi gani? Pili, ilipiga karibu kiasi gani na mahali ilipolengwa? Maswali hayo huchanganywa, ingawa kila moja lina jibu lake. Itaonekana kwamba kasi ya gobori la zamani haikuwa ndogo hata kidogo, na kwamba upungufu wake ulikuwa katika shabaha. Itaonekana pia kwamba waliotunga mkataba wa kimataifa wa mwaka 1890 kuhusu silaha za Waafrika walizijua vizuri chanzo za upungufu huo.

1. Bunduki katika msamiati wa Kiswahili

Kiswahili kilizipa bunduki majina kwa kufuata jinsi zilivyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiungua polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki iliwashwa kwa kifuniko kidogo cha madini chenye dawa ya kulipuka kikigongwa na nyundo. Hatimaye ikaja bunduki ya viasi, ambayo risasi, baruti na fataki vilifungwa pamoja na kutiwa kwa nyuma. Zile tatu za kwanza zilishindiliwa kwa mdomo: baruti ilimiminwa, risasi ikafuata, na vyote vikakazwa kwa mdeki. Kwa pamoja huitwa magobori.

Mpangilio huu wa majina una mantiki yake. Mwenye bunduki alihitaji kujua anunue nini ili iweze kulia: utambi, mawe au fataki. Mvua ilipokuwa ikinyesha, tofauti ya kuwasha ilikuwa tofauti ya kufa na kupona, kwa maana fataki ilivumilia unyevu kuliko gumegume. Lakini majina hayo yananyamaza kuhusu umbo la ndani ya mtutu. Bunduki ya fataki yaweza kuwa na mtutu laini kama bomba, au mtutu wenye mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka. Kwa nje zinafanana. Kwa shabaha ni silaha mbili tofauti. Kwa hiyo mwanahistoria anayekutana na neno «gobori» au «bunduki ya fataki» katika masimulizi bado hajajua jambo lililo kubwa kuliko yote kuhusu silaha hiyo.

2. Kasi ya risasi

Kasi ya risasi ilipimwa kwa uhakika kwa mara ya kwanza na Mwingereza Benjamin Robins, ambaye kitabu chake juu ya kanuni za mizinga kilitoka mwaka 1742. Robins alining'iniza gogo zito, akalipiga risasi, akapima limebembea kiasi gani. Kutokana na uzito wa gogo na wa risasi alikokotoa kasi. Risasi ya bunduki ya askari wa wakati wake ilitoka mdomoni kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Aligundua pia kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu kubwa mno kuliko wataalamu walivyodhani.

Majaribio ya karibu zaidi yameunga mkono matokeo hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ghala la kale la silaha la mji wa Graz, nchini Austria, lilitoa bunduki zake halisi za karne ya 16 hadi ya 18 zikapigwa na kupimwa kwa vyombo vya kisasa. Wastani wa kasi mdomoni ulikuwa karibu mita 450 kwa sekunde, yaani zaidi ya kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 340.

Sasa hebu ilinganishwe bunduki hiyo na ile iliyoiondoa katika majeshi ya Ulaya. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 nayo ilishindiliwa kwa mdomo, lakini mtutu wake ulikuwa na mifereji mitatu. Ilirusha risasi ya gramu 34 hivi kwa baruti isiyofika gramu 5, na kasi yake mdomoni ilikuwa karibu mita 270 kwa sekunde tu. Hata Martini-Henry, bunduki ya viasi iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilikuwa na kasi ya karibu mita 400. Kwa hiyo bunduki mpya ilikuwa na kasi ndogo mdomoni kuliko ile ya kale. Anayedhani kwamba maendeleo ya silaha katika karne ya 19 yalikuwa kuongeza kasi amekosea kwa sehemu kubwa ya karne hiyo.

Siri iko katika umbo. Risasi ya kale ilikuwa tufe. Tufe husukuma hewa nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, na hivyo huchoka haraka. Risasi nene ya bunduki ya askari, yenye kipenyo cha milimita 17 hivi, hupoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi yake katika mita 100 za kwanza. Risasi ndogo ya milimita 12.5 hupoteza karibu nusu. Risasi ndefu yenye ncha huanza polepole, lakini huitunza kasi yake. Umbali unapozidi, iliyotangulia huachwa nyuma.

3. Usahihi wa shabaha

Bunduki ya gumegume ya jeshi la Uingereza, iliyotumika zaidi ya miaka 100, ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 19, na risasi yake ilikuwa na milimita 17.5. Nafasi hiyo ya milimita moja na nusu iliachwa kwa makusudi. Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ikiungua huacha masizi: zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Baada ya milio michache mtutu hujaa uchafu, na risasi iliyoenea sawasawa haipiti tena. Askari aliyetakiwa kupiga mara mbili au tatu kwa dakika alihitaji risasi nyembamba inayoteremka bila kubishana.

Wepesi huo wa kushindilia ulilipiwa kwa kupoteza shabaha. Risasi iliyolegea hugonga kuta za mtutu ikitoka, na mguso wa mwisho huipa mzunguko usiotabirika. Tufe linalozunguka hewani huvutwa upande mmoja, na Robins ndiye aliyelieleza jambo hilo kwa majaribio. Mtu mmoja aliyesimama mita 50 mbele ya bunduki hiyo alikuwa katika hatari. Aliyesimama mita 200 alikuwa salama isipokuwa kwa bahati mbaya. Ndiyo maana majeshi ya Ulaya yalipanga askari bega kwa bega na kupiga kwa pamoja: walilenga kundi, hawakulenga mtu.

Dawa ya ugonjwa huo ilijulikana zamani. Mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu huipa risasi mzunguko mmoja, ule ule kila mara, kuzunguka mstari wa mwendo wake, nayo husafiri imetulia. Wawindaji wa Ujerumani na baadaye wa Amerika ya Kaskazini walikuwa na bunduki za aina hiyo tangu mapema. Walizungushia risasi kitambaa chenye mafuta ili ishike mifereji, wakaisukuma polepole. Shabaha ilikuwa nzuri, lakini kushindilia kulichukua muda ambao mwindaji anao na askari hana. Robins aliandika mwaka 1747 kwamba taifa litakalozitambua na kuzieneza bunduki za mifereji jeshini litayapita mengine. Zilipita karne moja kabla ya neno lake kutimia.

Mfaransa Claude-Étienne Minié ndiye aliyelifungua fundo hilo mwaka 1849. Risasi yake ndefu ilikuwa nyembamba kuliko mtutu, ikateremka kwa urahisi. Nyuma yake ilikuwa na shimo. Baruti ikilipuka, gesi huusukuma ukingo wa shimo ukatanuka na kuingia ndani ya mifereji. Kwa mara ya kwanza bunduki ya kushindiliwa ilikuwa nyepesi kujaza na sahihi kupiga. Katika vita vya Krimea, vilivyoanza mwaka 1853, Waingereza na Wafaransa waliokuwa na bunduki hizo waliwapiga Warusi wenye mitutu laini kutoka umbali ambao Warusi hawakuweza kujibu.

Usahihi huo ulidai elimu mpya. Risasi ya Enfield huchukua zaidi ya sekunde moja kufika mita 300, na katika muda huo huanguka mita 6 au zaidi chini ya mstari wa mtutu. Asiyejua kukadiria umbali hupiga udongo au hupiga juu ya vichwa. Bunduki sahihi mkononi mwa mtu asiyefundishwa hupoteza faida yake kubwa.

Kilele cha bunduki za kushindiliwa kilifikiwa na fundi Joseph Whitworth wa Manchester. Mtutu wake ulikuwa na pande sita, mwembamba, wenye mzunguko wa haraka: mzunguko mmoja katika sentimita 51, ilhali Enfield ilihitaji karibu mita 2. Katika mashindano ya mwaka 1857, kwa umbali wa mita 457, risasi za Whitworth zilipotoka kwa wastani wa sentimita 11, na za Enfield sentimita 68. Zote mbili zilikuwa magobori kwa maana ya Kiswahili, na zote mbili zilikuwa za fataki.

4. Gobori la siku zetu

Bunduki ya kushindiliwa haikufa. Nchini Marekani majimbo mengi yametenga msimu wa kuwinda kwa bunduki za aina hiyo pekee, na soko limezaa gobori jipya. Mwaka 1985 fundi Tony Knight wa jimbo la Missouri alitoa bunduki ambayo fataki yake imewekwa nyuma ya mtutu, katika mstari mmoja na baruti, badala ya kukaa ubavuni. Nyingi zilizofuata zimeiga mpango huo.

Zikilinganishwa na bunduki za uwindaji zilizotengenezwa kwa kufuata mtindo wa zamani, tofauti ya kasi mdomoni ni ndogo kuliko inavyotazamiwa. Bunduki ya mtindo wa zamani yenye risasi ya tufe ya milimita 12.5 katika kitambaa cha mafuta hufikia mita 520 hadi 580 kwa sekunde. Ile ya kisasa, ikirusha risasi ndefu ya gramu 16 iliyofungwa katika kikombe cha plastiki, hufikia mita 490 hadi 600. Yaliyo makubwa yanatokea mbele ya mdomo. Baada ya mita 100 tufe limepoteza karibu nusu ya kasi yake, na ile ndefu bado ina sehemu kubwa ya yake. Kwa umbali huo huo, mpigaji hodari mwenye bunduki ya mtindo wa zamani hukusanya risasi zake katika eneo la sentimita 5 hadi 10. Mwenye ya kisasa, akisaidiwa na darubini, hupata sentimita 3 hadi 5.

Ubora huo hautokani na namna ya kuwasha. Mtutu wa kisasa huzungusha risasi mara moja katika sentimita 71 hivi, na wa mtindo wa zamani mara moja katika sentimita 120 hadi 170, kwa sababu risasi ndefu hudai mzunguko wa haraka na tufe hutulia kwa mzunguko wa polepole. Hiyo ni kanuni ya Whitworth. Gobori la kisasa ni mjukuu wa bunduki ya mwaka 1857, likiwa limeongezewa baruti safi, chuma imara na plastiki. Katika ukoo wa bunduki hizi, mpaka wa kweli haupiti kati ya zamani na sasa. Unapita kati ya mtutu laini wenye tufe na mtutu wa mifereji wenye risasi ndefu.

5. Gobori katika Afrika ya kati na mkataba wa Brussels

Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za mifereji na baadaye za viasi, bunduki za zamani zilikosa kazi. Zikauzwa, na nyingi zikaletwa Afrika. Viwanda vya Birmingham na vya Liège, nchini Ubelgiji, vilitengeneza pia bunduki rahisi kwa ajili ya soko hilo. Kutoka Unguja na Bagamoyo zilisafiri hadi Tabora, Ujiji, Nyangwe na Kasongo, katika njia zile zile zilizokileta Kiswahili Kongo. Wayeke wa Msiri walizipata kutoka pwani zote mbili, ya Mashariki na ya Angola, kwa kubadilisha pembe za ndovu na shaba.

Bunduki hiyo ilifaa katika vita vya mahali pale. Tippu Tip ameeleza katika maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, jinsi alivyopigana na Nsama wa Itabwa mwaka 1867. Yeye mwenyewe alijeruhiwa kwa mishale, maana mapigano yalikuwa ya karibu sana, ndani ya boma. Katika umbali wa mishale, udhaifu wa mtutu laini haukuonekana, na nguvu yake ya mdomoni ilikuwa kamili. Tena mtutu laini ulikubali chochote: madini ya risasi yalipoadimika, kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi kilitumika. Mtutu wa mifereji usingevumilia chakula hicho.

Hofu ya Wazungu iliamshwa na ile iliyokuwa ikifuata. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka, akaonya kwamba wenyeji wangeweza kuwa na bunduki bora za viasi. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mkataba wa Brussels ulitiwa sahihi. Shabaha yake iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo biashara hiyo ilikuwa imeangamiza vijiji vingi kwa bunduki. Lakini vifungu vyake kuhusu silaha vina maana pana zaidi. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, kuingiza bunduki, hasa za mifereji na zilizoboreshwa, kulipigwa marufuku isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Zilizoweza kuuzwa kwa idhini ya serikali ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Yafaa maneno hayo yasomwe kwa kipimo kilichokwisha kuelezwa. Mkataba haukutaja kasi. Ulitaja namna ya kuwasha, mtutu na baruti. Gumegume maana yake ni silaha inayonyamaza penye mvua. Mtutu usio na mifereji maana yake ni shabaha isiyozidi mwendo mfupi. Baruti ya biashara, yenye chembe zisizolingana, maana yake ni mlio wa leo usiofanana na wa kesho. Mwafrika aliruhusiwa kuwa na bunduki inayomwezesha kuwinda na kumwua jirani yake, lakini isiyoweza kushindana na askari wa dola aliye mita 300 mbali. Alichokitabiri Robins kwa mataifa ya Ulaya, wanadiplomasia walikigeuza kuwa sheria kwa Afrika, na soko halali la viwanda vya bunduki rahisi likabaki wazi.

Hata hivyo, yafaa kujihadhari na kosa la upande wa pili, la kuieleza historia yote kwa mitutu. Katika vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru la Kongo na Wangwana wa Maniema, askari wa Dhanis walikuwa na Albini, bunduki ya viasi ya Kibelgiji yenye mifereji. Faida yake ilikuwa kubwa kwa umbali na kwa wepesi wa kupiga. Lakini upande wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, nao ulikuwa na baadhi ya bunduki za viasi. Na nguvu kubwa ya Dhanis ilitokana na Ngongo Lutete, aliyewaacha Wangwana mwaka 1892 akajiunga na Dola pamoja na maelfu ya watu wake, walio wengi wakiwa na magobori. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Ngongo Lutete aliuawa kwa amri ya maofisa wa Dola alilolitumikia. Gobori lilipigana pande zote mbili. Mapatano na uhasama wa wakuu viliamua mengi kabla ya bunduki kulia.

6. Hitimisho

Kwa kasi, bunduki ya gumegume haikustahili jina la kitu kisichofaa. Risasi yake ilitoka mdomoni upesi kuliko ya bunduki nyingi zilizoiondoa. Ilishindwa na mambo mengine: tufe linalochoka hewani, mtutu unaolegea na baruti isiyolingana. Gobori la Whitworth na lile la mafundi wa Marekani wa leo yanathibitisha kwamba kushindilia kwa mdomo hakukuwa ndiyo kasoro yenyewe.

Kwa watafiti wa Kiswahili na wa historia, funzo ni kwamba jina la silaha katika masimulizi lisipokelewe kama kipimo. Msimulizi akisema «gobori», yafaa aulizwe: mtutu ulikuwa laini au wenye mifereji? Risasi ilikuwa ya umbo gani? Baruti ilitoka wapi? Wazee wanaoyajua majibu hayo wanapungua mwaka hadi mwaka. Bila majibu hayo, kushindwa kwa watu wa Maniema na Katanga kutaendelea kuelezwa kwa neno moja, nao wataendelea kuonekana kana kwamba waliichagua silaha duni kwa ujinga, ilhali mlango wa silaha bora ulifungwa kwa sahihi za mataifa.